Mlango Uliochapwa Kipawa

Dar es Salaam ukitaka kuona picha unakwenda Mikocheni, Nafasi Art Space, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wamekuwa wakifanya kazi ndani ya makontena ya meli yaliyogeuzwa karakana. Au unakwenda Upanga, Alliance Française, au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Mtu wa Kipawa, Vingunguti au Yombo si rahisi apate habari kwamba maonyesho yamefunguliwa, na akizipata, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na foleni humkatisha tamaa. Ndiyo maana niliposikia kwamba mchapaji mmoja kijana, dada ambaye kazi zake nilikuwa nimeziona mbili tatu huko nyuma, ametundika kazi zake zote mpya Kipawa kwenyewe, ndani ya gereji iliyofungwa, sikutaka kusimuliwa. Aliniomba nisiliandike jina lake, nami nimeheshimu.

Nilipanda gari Simu 2000, Jumamosi asubuhi, konda akiita Airport, Banana, Gongo la Mboto. Kiti cha mbele yangu alikaa mama aliyejitanda kanga nyekundu na nyeusi, jina la kanga limekunjika begani. Tukashuka na Sam Nujoma, tukavuka makutano ya Ubungo, yale ya ghorofa yaliyofunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi. Kushoto, ukifuata Barabara ya Morogoro kuelekea mjini, ndiko kilipo kiwanda cha Urafiki, kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kwa miaka mingi kanga na vitenge vya nchi hii vilichapwa pale.

Nilikuwa na muda wa kulifikiria hilo, maana foleni ya Tabata haina haraka na mtu. Nimewasikia wasomi wa sanaa wakisema uchapaji ni sanaa ngeni kwetu, imeletwa na walimu na wafadhili. Sikubaliani nao. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, na kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zikaenea pwani nzima. Tangu enzi hizo wanawake wa pwani wanavaa chapa, wanazawadiana chapa, wanafunika maiti kwa chapa. Mama yangu akishika kanga dukani huitandaza kwanza aone kama pindo na mji vimekaa sawasawa, kama rangi moja haikuipanda nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu yeyote wa uchapaji humfundisha mwanafunzi, na mama yangu hakufundishwa na mwalimu.

Pale TAZARA tukakunja kulia chini ya Daraja la Mfugale, tukaingia Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Hapa jiji linabadilika sura. Maghala, viwanda, malori yaliyopaki yakisubiri mzigo, vijana wanaokimbiza chupa za maji kwenye madirisha ya magari. Nilishuka kabla ya uwanja wa ndege, nikachukua bodaboda ya kuingia ndani.

Kipawa imekaa ubavuni mwa uwanja wa ndege, na historia yake ya miaka ya karibuni ni historia ya uwanja huo. Tathmini ya nyumba za Kipawa, Kigilagila na Karakata ilifanyika mwaka 1997 ili kupisha upanuzi, na wengi walisubiri fidia kwa zaidi ya miaka 10. Mtu aliyekwishafanyiwa tathmini hajengi tena. Habadilishi bati, hapaki rangi, hachimbi choo kipya, kwa sababu kila shilingi atakayoiweka ukutani haimo kwenye fomu. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa tathmini walifika madarasa ya juu ya shule ya msingi wakiishi ndani ya nyumba ambazo kwenye makaratasi zilishahesabiwa na kwisha. Kisha malipo yakaja, likaja tingatinga, watu wakatawanyika Pugu, Chanika, Kinyerezi. Agosti 2019 jengo la tatu la abiria likafunguliwa, lenye uwezo wa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka. Nimepita mle, ni jengo zuri, na watu wa Kipawa niliozungumza nao siku hiyo hakuna aliyesema lisingejengwa. Walichoniuliza ni mtaa wao umeandikwa wapi.

Mchapaji wetu alikulia katika mojawapo ya nyumba hizo, kwa bibi yake.

Gereji yenyewe ina milango miwili ya bati na shimo la kukarabatia magari katikati, sasa limefunikwa kwa mbao. Kuta zimepakwa chokaa, lakini harufu ya oili haijaondoka na sakafu ina madoa yasiyosafishika. Kazi hazikuwekewa fremu za kioo. Zilining'inia kwenye waya kwa vibanio vya nguo, kila moja ikitikisika upepo ulipoingia. Ndege zinazotua hupita chini sana hapo. Kila ilipopita ndege mazungumzo yalisimama, kisha yakaendelea pale pale yalipoachwa, bila mtu kuomba radhi wala kurudia neno. Ndivyo watu wa mtaa huo wanavyozungumza tangu utotoni.

Ukuta wa kushoto ulikuwa wa nyumba. Picha ndogo ndogo, kila moja ni uso wa nyumba moja: mlango, dirisha au mawili, paa, kibaraza. Kila nyumba imejengwa kwa karatasi za kubandika, na juu ya kila nyumba imegongwa alama ya X nyekundu, ile ambayo kila Mtanzania anayeishi kando ya barabara kuu anaijua na kuiogopa. X zote zimetoka kwenye chapa moja, iliyochongwa kwa kiwembe kwenye soli ya kandambili. Zinafanana kabisa, hata mkwaruzo mdogo wa mkono wa kulia unajirudia kutoka nyumba hadi nyumba.

Karatasi ndizo zisizofanana. Mchapaji alizunguka Pugu na Chanika akiwatafuta majirani wa zamani, akaomba kila familia impe karatasi isiyoihitaji tena. Wengine walimpa ukurasa wa daftari la hesabu, lenye vyema na vikosa vya mwalimu. Wengine risiti za Luku zilizofifia. Kuna nyumba ambayo paa lake lote ni kadi za mchango wa harusi, zimepangwa zikipandana kama vigae, na ukisogea karibu unaona majina ya maharusi yamekatwa kwa makusudi ili yasisomeke. Kuna nyumba ya mfuko wa sembe, nyumba ya gazeti lililofungia maandazi na bado lina alama ya mafuta, nyumba ya bahasha ya kaki iliyotoka studio ya picha. Mwenye duka mmoja alimpa karatasi za mifuko aliyoanza kuitumia Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku.

Nilisimama kwenye ukuta huo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Anayepaka X ukutani hutumia brashi ile ile na rangi ile ile kwa mwenye vyumba sita na kwa mjane wa chumba kimoja. Alama haijui tofauti, na wala haikuwekwa ijue. Uchapaji una tabia hiyo hiyo: ubao ukishachongwa, hurudia jambo moja bila huruma. Lakini mchapaji huyu ameigonga alama isiyojua tofauti juu ya karatasi ambazo kila moja ilishikwa na watu wake, ikapokea jasho lao na mwandiko wao, na hapo nyumba zikaacha kuwa namba. Nimeona picha nyingi kuhusu bomoabomoa, hasa baada ya nyumba za Kimara kuvunjwa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Nyingi zinapiga kelele. Hizi zinakulazimisha usogee.

Kijana wa bodaboda aliyenileta alikuwa ameingia nami, akaegemea nguzo na kofia yake ngumu mkononi. Aliona chini ya picha moja ya mlango kumeandikwa 4/9 kwa penseli. "Dada, samahani," akasema, "kama ziko tisa, hii si fotokopi?"

Mchapaji hakucheka. Alimwambia fotokopi ni picha ya picha, mashine inaiba umbo la kitu kilichokwisha. Chapa haina kitu kilichotangulia. Ubao peke yake si picha, ni mbao yenye mashimo, na picha haipo popote mpaka karatasi ilale juu ya wino na mkono usugue. Zikitoka tisa, zote tisa ndizo za kwanza. Hiyo 4 maana yake ilikuwa ya nne kusuguliwa, na 9 maana yake haitakuwepo ya kumi. Kisha akamtolea ya pili na ya saba, akaziweka sambamba. Kwenye moja wino ulikuwa mwepesi kwenye kona, kwenye nyingine karatasi ilijikunja kidogo. Kijana akaziangalia, akasema ya saba ni bora, na nadhani alikuwa sahihi.

Swali lake limewasumbua wachapaji wetu kwa miaka mingi. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt alipoanzisha Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, uchapaji ulikuwa mmoja wa ufundi uliofundishwa pale. George Lilanga alianzia pale kama mlinzi, akaja kuwa msanii anayejulikana duniani hadi alipofariki mwaka 2005, na miongoni mwa kazi zake zimo chapa za sahani za chuma ambazo watu wengi hawazijui, kwa sababu tumemzoea katika rangi zake kali. Robino Ntila, naye wa Nyumba ya Sanaa, alishikilia uchapaji hata ulipokuwa haulipi. Watalii walitaka picha za Tingatinga, wenye ofisi walitaka picha kubwa ya mafuta, na mchapaji alibaki akieleza kila siku kwamba kazi yake si kalenda.

Kwa upande wa karatasi za kubandika, nilipomtaja Rosemary Karuga uso wa mchapaji uling'aa. Karuga, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere miaka ya mwanzo ya 1950, akawa mwalimu, na picha zake hazikujulikana hadi alipokuwa mtu mzima sana. Rangi zilikuwa ghali. Akachukua makaratasi ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akayakata vipande vidogo, akatengeneza kuku, wanawake shambani, twiga. Mwaka 1990 kazi zake zilitundikwa Harlem, New York, kwenye Studio Museum. Alifariki mwaka 2021. Vitabu vya Ulaya huanza hadithi ya kolaji na Picasso na Braque, Paris, mwaka 1912, na hiyo ni haki yao. Lakini mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo kuta zake zilibandikwa magazeti ili kuziba nyufa hakuhitaji kufika Paris, na Karuga alilithibitisha hilo kwa mkasi na gundi.

Mchapaji ana picha moja ya Karuga aliyoikata gazetini, ameibandika ndani ya kabati lake la vifaa, juu ya patasi.

Kazi zote sikuzipenda. Ukutani mkabala na mlango alikuwa ametundika picha tatu kubwa zilizojaa ndege zilizokatwa kwenye majarida ya kigeni, zimepakwa rangi ya dhahabu, zikiruka juu ya mapaa. Nilielewa alichotaka kusema kabla sijafika karibu, na nilipofika karibu hapakuwa na cha ziada. Karatasi zile hazikuwa za mtu yeyote. Nilimwambia, akasikiliza, akasema ndizo zinazoulizwa bei kuliko zote. Sina jibu la hilo. Msanii ana kodi ya kulipa.

Adhuhuri aliingia mama mtu mzima, ameshika mkoba wa ukindu, ametoka Pugu kwa mabasi mawili. Tulimwamkia, akaitikia marahaba moja kwa wote, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba. Hakutazama picha kama tunavyotazama sisi. Alitembea akisoma mtaa: hapa kwa fulani, hapa kwa mama wa vitumbua, hapa palikuwa na mwembe. Mchapaji alikuwa amezipanga nyumba kwa mpangilio wa kweli, na mimi sikuwa nimeligundua hilo. Mama akafika mahali pasipo na picha, waya mtupu kati ya nyumba mbili.

"Na sisi?" akauliza.

"Sikuwapata, mama. Niliambiwa mmehamia Mkuranga."

Mama akafungua mkoba. Alikuwa amekuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, ya mwanawe wa mwisho, yenye safu za uzito zilizojazwa kwa kalamu za rangi tofauti. Akaisukuma mezani, akasema mtoto mwenyewe sasa ana watoto wawili, kadi haina kazi. Mchapaji hakuipokea papo hapo. Alimuuliza mara mbili kama ana uhakika, akamweleza kwamba itakatwa na haitarudi kama ilivyo. Mama akasema ndiyo sababu ameileta.

Nyumba hiyo ilitengenezwa mbele yetu. Kwanza gundi, uji mzito wa unga wa muhogo wenye matone ya mafuta ya karafuu ili mende wasiusogelee. Kisha akauliza: madirisha mangapi? Mlango kushoto au katikati? Kibaraza kilikuwa cha saruji au cha udongo? Mama alijibu haraka, na kwenye swali la paa alisimama, akasema waliezeka upande mmoja tu, upande wa pili walikuwa wanasubiri hela, kisha ikaja tathmini. Mchapaji akakata paa la upande mmoja, upande wa pili akaacha karatasi tupu. Alipochukua ile soli ya kandambili na kuipaka wino mwekundu, mama alimshika mkono.

"Lazima?"

"Si lazima, mama."

Wakanyamaza wote wawili, ndege ikapita, kisha mama akamwachia mkono. "Gonga. Ilikuwepo."

Nilichokuwa nimesikia zaidi kabla ya kuja kilikuwa ukuta wa mwisho, na hakikunivunja moyo. Ni mlango. Picha ina urefu wa mlango na upana wa mlango, kwa sababu ubao uliochapwa ni mlango wenyewe, wa mninga, ambao bibi yake aliung'oa kabla tingatinga halijafika na kuupakia kwenye lori pamoja na vitanda. Umefungwa kwenye nyumba ya Pugu miaka yote hii. Mjukuu aliuazima. Bibi ametundika pazia na kutegemea geti la nje.

Karatasi ya kuchapia ukubwa huo haipatikani kirahisi, kwa hiyo aliitengeneza kutoka mifuko ya saruji. Mfuko wa saruji una tabaka zaidi ya moja. Tabaka la nje linachakaa, la ndani linabaki gumu na safi. Aliyachambua matabaka ya ndani, akayafuta vumbi, akayaunganisha kwa gundi ile ile ya muhogo. Mlango akauchonga kidogo sana. Mistari ya mbao aliiacha iseme yenyewe, na kwenye chapa inaonekana yote, pamoja na tundu la kitasa cha zamani, misumari iliyopinda, na sehemu ya chini iliyolainika kwa kupigwa na maji ya ufagio. Alichochonga ni vitu viwili tu: mkono wa bibi, mahali ambapo bibi husukuma, na namba ya tathmini iliyokuwa imeandikwa pale kwa rangi mwaka 1997. X hakuichapa. Ameikata kwa kisu kwenye karatasi, ikatoka, na penye X unaona chokaa ya ukuta wa gereji.

Nilimwona akitoa nakala moja. Wino mweusi akausambaza kwa rola mpaka ukaanza kutoa mlio wa kunata, akapaka mlango uliolala juu ya meza mbili, akaomba wanne wetu tushike pembe za karatasi na kuishusha bila kuivuta. Hakuna mashine ya kubana ya ukubwa huo anayoweza kuipata, kwa hiyo ilisuguliwa kwa migongo ya vijiko vya chuma, kijana wa bodaboda upande mmoja, mimi upande mwingine, mpaka mabega yakauma. Chini ya kijiko unausikia mlango: hapa msumari, hapa fundo la mbao, hapa mkono. Tulipoinyanyua, mama wa Pugu alisema jina la bibi kwa sauti, kana kwamba amefunguliwa.

Wachapaji wengi, toleo likishatimia, huukata ubao mstari mkubwa ili mtu asichape tena. Nilimuuliza kama atafanya hivyo. Akashangaa. "Kaka, huu ni mlango wa bibi." Zikishatimia nakala tisa unarudi Pugu, kwenye fremu yake, fundi ameshanunua bawaba mpya. Kinachobishaniwa ni upande gani utazame nje. Mchapaji anataka upande uliochongwa uwe ndani, usipigwe jua na mvua. Tena namba aliichonga kinyume ili kwenye karatasi isomeke sawa, kwa hiyo kwenye mlango wenyewe imegeuka, na anaona majirani watamcheka bibi. Nilipokuwa naaga alikuwa amempigia simu, ameiweka sauti kubwa, na bibi alikuwa anamwambia kwamba utatazama barabarani, na namba ibaki hivyo hivyo kinyume.